Wakuu, nimeombwa nisaini ahadi ya kurudisha maadili ya Kimarekani. Nisaini au niache?

FundiBreki

Wakubwa shikamooni, wengine habari za majukumu.

Naombeni ushauri, na tafadhali mnisome hadi mwisho. Jambo hili linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Niko Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mwaka wa tisa. Nina gereji ndogo. Tuko watatu, mimi na vijana wawili, mmoja Mrundi na mwingine mzaliwa wa hapa hapa. Nina grini kadi na maombi ya uraia nimeshapeleka.

Jirani yangu ni mzee wa Kizungu, mstaafu wa kiwanda cha nafaka. Yeye na wenzake wameanzisha umoja: yupo kinyozi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mwenye mgahawa wa kifungua kinywa na wakulima wawili wa mahindi. Wanasema maadili yaliyoijenga Marekani yamemomonyoka. Mtu hamjui jirani yake, neno la mtu halina uzito, kazi zinalipuliwa tu. Wameamua kuanzia mtaani kwao badala ya kuwangoja wanasiasa. Mzee hupenda kusimulia Juni 2008, mto Cedar ulipofurika hadi katikati ya mji, visima vya maji ya kunywa vikazama kimoja baada ya kingine. Kilipobaki kimoja, watu walitoka majumbani kwenda kujaza viroba vya mchanga kukizunguka, na kikapona. "Hakuna aliyemuuliza mwenzake anampigia nani kura," huwa anasema.

Mimi namwelewa, kwa sababu nami niliyaona. Tarehe 10 Agosti 2020, Jumatatu mchana, ulikuja ule upepo wanaouita derecho. Nilikuwa jikoni. Anga liligeuka kijani, kisha nikasikia mti mkubwa wa nje unapasuka kama baruti. Ukaangukia gari langu. Zaidi ya nusu ya miti ya mji huu ilikwenda siku ile. Umeme ukakatika siku nyingi, simu hazishiki. Huyu mzee, ambaye tulikuwa tunapungiana mkono tu, alikuja na chenso yake bila kuitwa, akakata ule mti kipande kwa kipande hadi jua likazama. Nyama yangu kwenye friza ilikuwa inayeyuka, nikawasha mkaa nje, tukala mtaa mzima. Nilipofungua gereji mwaka uliofuata, mteja wangu wa kwanza alikuwa yeye na pikapu yake.

Sasa ameniletea karatasi ya ahadi. Kufanya kazi kwa uaminifu, kuheshimu familia na ibada, kumsaidia jirani, kununuliana wenyewe kwa wenyewe. Yote hayo ndiyo maisha yangu. Simtajii mteja bei kabla sijamwekea mkononi pedi ya breki iliyoisha aione mwenyewe. Ila inaanza na maneno "Mimi, raia wa Marekani", na mstari wa mwisho unasema biashara yetu "itawatanguliza Wamarekani halisi". Hapo ndipo kalamu ilipogoma. Mke wangu anasema niachane nayo. Mimi sitaki kumvunja moyo mzee, na ukweli ni kwamba natamani kuwa mmoja wao. Nifanyeje?

Kibo10

Usisaini mkuu. "Halisi" ni neno lenye mlango wa nyuma. Leo unaingia wewe, kesho unatolewa kwa mlango huo huo.

MamaNeema

Fundi, mimi niko Ohio na nimepitia safari ya uraia. Acha kwanza huo mstari wa mwisho, utazame ule wa kwanza. Hujaapa bado. Usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote inayosema wewe ni raia, hata iwe ya kikundi cha mtaani na hata umeletewa na rafiki. Kujidai raia kabla ya kiapo ni jambo zito sana kwa uhamiaji, kuna watu limewafukuzisha nchini. Mwonyeshe hiyo karatasi mwanasheria wako wa uhamiaji kabla ya lolote.

Kujiunga na umoja wa majirani hakuna shida, mwenye grini kadi anaruhusiwa. Kujitolea unaruhusiwa. Kura za taifa hizo bado si zako. Waambie waandike "Mimi, mkazi wa mji huu", hapo utakuwa umesema kweli tupu. Na kwa kuwa maombi umeshapeleka, soma maswali yako ya historia na serikali. Waliopeleka kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanaulizwa 20 na wanatakiwa kupata 12, si 6 kati ya 10 kama tulivyofanya sisi.

Bahati wa Uvira

Kaka, mimi pia niko Cedar Rapids. Baada ya ule upepo familia nyingi zetu, Wakongo na Warundi, zililala kwenye mahema nje ya nyumba zilizobomoka, na watoto wadogo. Walioleta maji na nepi wengine walikuwa Wazungu wa makanisa, wengine wahamiaji kama sisi. Siwezi kusahau.

Umewahi kupita kwenye ule msikiti wa mbao? Umejengwa 1934 na watu wenye asili ya Syria na Lebanoni, na ndio msikiti mkongwe zaidi uliosimama Marekani kati ya ile iliyojengwa tangu mwanzo kuwa misikiti. Wengi wao walikuwa wauza maduka na wachuuzi. Mwulize mzee wako kama na hao ni halisi. Mwulize kwa upole, inaonekana ni mtu mwema.

Mjukuu wa Pangani

Nilisoma Iowa miaka ya nyuma, niruhusuni niongeze kitu ambacho wenyeji wengi wa huko hawafundishwi.

Kulikuwa na mtu mweusi, mtumwa kutoka Missouri, jina lake Ralph. Alikubaliana na bwana wake ajinunue kwa dola 550, akaenda kuchimba madini ya risasi kwenye migodi ya Dubuque, huko huko Iowa. Fedha hazikutimia. Wakatumwa watu wamkamate warudi naye. Mkulima mmoja jirani, Alexander Butterworth, aliliona tukio hilo akakimbilia kwa jaji kutafuta amri ya kuwazuia. Julai 1839 mahakama kuu ya Iowa, hata haijawa jimbo, ikasema Ralph ni mtu huru. Deni lake ni deni tu, haliwezi kumrudisha utumwani.

Halafu mji wa Muscatine alikuwepo kinyozi mweusi, Alexander Clark. Binti yake Susan alipokataliwa shule ya jirani, baba akaishtaki bodi ya shule, na mwaka 1868 mahakama kuu ya jimbo ikampa ushindi. Watu wa Topeka, jimbo la Kansas, wamekuja kupigana vita hiyo hiyo ya shule karibu karne nzima baadaye.

Umoja wenu una mkulima na una kinyozi. Wakitaka kurudisha maadili ya Iowa, haya ndiyo ya kurudisha. Kaulimbiu ya jimbo lenyewe inasema uhuru wetu tunauthamini na haki zetu tutazilinda.

Texas Mpweke

Nyote mnasema vizuri, ila mimi nimeona umoja wa namna hii hapa Houston ukianza na kuchoma nyama na kuishia kumfanyia mtu kampeni. Fundi, uliza mapema: ada inakwenda wapi, na majina yetu mtayatumia kwa lipi? Wakishindwa kujibu, mzee abaki rafiki yako na umoja wao uwe wao. Biashara yako inalisha familia tatu.

FundiBreki

Mrejesho wakuu. Mungu awabariki, nyote.

Jana jioni mzee alileta pikapu kubadilisha oili. Nikafunga mlango, nikamwekea karatasi juu ya boneti. Nikamwambia sitaandika mimi ni raia kwa sababu bado si kweli, na ahadi yenyewe inadai ukweli. Akanyamaza, akachukua kalamu akakata "raia" akaandika "mkazi". Kisha nikamsimulia habari za Ralph na yule mkulima. Alizaliwa Iowa, ana miaka 74, hakuwahi kuisikia. Akauliza mara mbili, "Mkulima tu? Hakuwa mwanasheria?"

Kuhusu "halisi", anasema yeye aliyeandika alikuwa anawaza bidhaa za kutoka mbali, hakuwaza watu. Namwamini. Lakini hawezi kufuta peke yake, maana wengine wameshasaini. Amenitaka nije mwenyewe kwenye kikao niwasimulie kama nilivyomsimulia yeye. Swali la ada na majina nalo nitaliuliza hapo hapo.

Kikao ni Alhamisi saa moja jioni, pale mgahawani. Bahati, kama una nafasi twende wote. Mjukuu wa Pangani, naomba unielekeze nitakapopata hukumu ile ya 1839 niichape, nataka waisome kwa macho yao.