MREJESHO: Mama na metformini iliyokuwa ikimwendesha tumbo

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu mama yangu, yuko Ngamiani, Tanga: ana kisukari aina ya pili, na metformini, dawa yake ya kushusha sukari, ilimwendesha tumbo mpaka akataka kuiacha abaki na unga wa mlonge.

Tulirudi kwa daktari kama mlivyosisitiza. Akamwanzisha upya na miligramu 500 jioni, akawa anapandisha polepole. Kidonge sasa kinakaa kando ya sahani ya bada na samaki. Akifika nusu, anakimeza. Tumbo limetulia.

Kilichomlainisha ni ule utafiti wa Uingereza mlionitajia, UKPDS wa 1998: wagonjwa wanene waliopewa metformini walipata mishtuko ya moyo michache na vifo vichache kuliko waliotegemea mpangilio wa chakula peke yake. Babu alifariki kwa moyo, kwa hiyo hapo mama alinisikiliza.

Ganzi ya miguu ndiyo bado. Metformini ya muda mrefu huweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake huweza kuleta ganzi. Kipimo kikaonyesha iko chini, ameanza sindano, lakini vidole vingali vinamchoma usiku. Daktari anasema sehemu ya tatizo ni mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibiwa na sukari. Aliyeniambia nimkague nyayo kila jioni, Mungu akubariki, naendelea.