Tupeane uzoefu: Keki za Krismasi za kuoka nyumbani, vipimo vyake, moto wake na kinachoziharibu

MpishiZamu

Habari zenu wanajikoni. Sikukuu inabisha hodi, na maswali ni yale yale: imedidimia, imeungua kitako, matunda yamezama. Basi uzi huu uwe wa keki za Krismasi, na sharti liwe moja: anayeleta keki alete na kipimo. "Unga kiasi" na "sukari ya kutosha" viishie kwenye uji.

Naanza na keki ya uzito sawa, maana ukiishika hiyo umeshashika nusu ya keki zote. Siagi au majarini gramu 250, sukari gramu 250, unga wa ngano gramu 250, mayai 5 ya wastani (yai bila ganda ni kama gramu 50, kwa hiyo nayo yanafika 250). Beking pauda vijiko vya chai 2 visivyo na mlima, vanila kijiko 1 cha chai. Chumvi robo kijiko, lakini majarini nyingi zina chumvi tayari, kwa hiyo onja kwanza.

Kazi kubwa iko kwenye kupiga siagi na sukari. Kwa mashine ni dakika 5 hadi 7, kwa mwiko wa mti ni dakika 15 na mkono uchoke kweli, mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Punje za sukari ndizo zinazochimba vishimo vya hewa ndani ya mafuta. Beking pauda haichimbi vipya, inavimbisha vile vilivyopo tu. Ndiyo maana anayepiga dakika mbili halafu akaongeza beking pauda hapati keki laini, anapata keki chungu.

Mayai tia moja moja, yasiwe ya baridi kutoka kwenye friji. Mchanganyiko ukikatika ukawa kama mtindi, tia kijiko kimoja cha unga, piga, endelea. Unga uchekeche pamoja na beking pauda, uuingize kwa awamu tatu, na hapo hupigi tena, unakunja taratibu kutoka chini kuja juu. Ukipiga, unga unavutika kama wa chapati na keki inatoka ngumu, ina mashimo marefu ndani kama imepita funza. Chombo cha duara cha sentimita 20 kilichopakwa mafuta na kutandikwa karatasi, oveni nyuzi 170, dakika 55 hadi 65.

JikoLaMkaa

Asante mama kwa kufungua uzi. Sasa wengi wetu hatuna oveni, na keki ya mkaa si keki ya pili kwa ubora ukijua kugawa moto.

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa. Ndani tandaza mchanga mkavu ulioshwa na kuchekechwa, kina cha sentimita 2. Mchanga unazuia kitako kisipigwe na moto moja kwa moja. Chombo cha keki kiwe kidogo kuliko sufuria, kiasi cha vidole viwili kupita pande zote. Kikigusa ukuta, upande huo utaungua. Funika, pasha sufuria tupu dakika 20 kabla ya kuingiza keki.

Mgao ni huu: theluthi moja ya makaa chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Watu wengi hufanya kinyume, halafu wanashangaa kitako ni mkaa na juu ni uji. Joto la chini linapanda lenyewe, la juu haliji mpaka uliweke.

Huna kipimajoto? Weka unga kijiko kimoja kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria, funika dakika 5. Ukipata rangi ya hudhurungi hafifu, ingiza keki. Ukiwa mweusi, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza juu.

Makaa ya kuongezea yawashe pembeni mpaka yashike majivu. Mkaa unaoanza kuwaka unatoa moshi na keki inaunyonya, hata vanila ya chupa nzima haitaufukuza. Usifunue dakika 35 za mwanzo, na ukifunua, inua mfuniko wima kisha usogeze, ukiuinamisha majivu yanaingia ndani. Na tafadhali, jiko la mkaa likae nje au penye hewa inayopita. Hewa yake haina harufu na inaua.

Mke_wa_Mwalimu

Mkuu, na wa gesi ya mtungi tusio na oveni?

JikoLaMkaa

Sufuria na mchanga ule ule, moto mdogo kabisa, saa 1 na robo hivi. Tatizo la gesi ni kwamba mfuniko haupati joto, mvuke unageuka maji na kudondokea keki. Funga kitambaa safi cha pamba kwenye mfuniko, ncha zake zikunjwe juu na kufungwa, zisiukaribie moto. Juu itabaki nyeupe, hilo halikwepeki. Ikipoa igeuze, kitako kiwe ndiyo uso, upake aisingi.

ShangaziKungumanga

Wanangu, hizo ni keki za kila Jumapili. Krismasi ni keki ya matunda.

Matunda makavu gramu 700: zabibu kavu 400, tende zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa 200, maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari 100. Loweka kwa ramu au brandi mililita 150 ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, wiki mbili au zaidi, ukiigeuza kila siku mbili. Siku ya kuoka ongeza korosho zilizokatwa gramu 100. Uji wake: siagi gramu 225, sukari ya kahawia gramu 225, mayai 4, unga gramu 250, beking pauda nusu kijiko cha chai tu. Viungo: mdalasini kijiko 1 cha chai, kungumanga nusu kijiko iliyokwaruzwa papo hapo, karafuu ya unga robo kijiko na si zaidi. Karafuu ikizidi, keki inanuka dawa ya meno.

Rangi nyeusi ya keki ya sikukuu haitoki kwenye kuungua, inatoka kwenye sukari iliyounguzwa. Gramu 100 za sukari kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, mpaka iyeyuke na kufika rangi ya kahawa, moshi mwembamba uanze. Ondoa motoni. Mimina maji ya moto mililita 80 kidogo kidogo, ukiwa umesimama mbali, inaruka na inaunguza vibaya. Maji ya baridi yanairusha zaidi na kuigandisha mawe. Ikipoa, vijiko 3 vya chakula vinatosha kwa keki hii. Ukichelewa kuitoa motoni sekunde chache inakuwa chungu, na uchungu huo hautibiki. Imwage, anza upya.

Maganda ya chungwa ya kutengeneza mwenyewe: yachemshe mara tatu, kila mara ukimwaga maji, uchungu utoke. Kisha yapike kwa sukari na maji kwa kipimo sawa, moto mdogo, dakika 40 hivi mpaka yaangaze kama kioo.

Kuoka: chombo cha sentimita 20 kitandikwe karatasi mbili ndani, na nje kizungushiwe khaki au gazeti lililokunjwa mara nne, lifungwe kwa uzi. Bila hilo kingo zinakauka saa nzima kabla katikati haijaiva. Oveni nyuzi 150, saa 2 na nusu hadi 3. Baada ya saa 1 na nusu funika juu kwa karatasi ya foili. Kwa mkaa gazeti haliingii, litashika moto. Tumia sufuria nene, makaa machache, na uvumilivu.

Ikipoa kabisa, toboa juu kwa kijiti, nyweshea brandi vijiko 2 vya chakula, funga kwa karatasi kisha foili. Rudia kila wiki hadi sikukuu.

Iliki_na_Tui

Shikamoo shangazi. Kwa nyumba zisizotumia kileo?

ShangaziKungumanga

Marahaba mwanangu. Chai ya rangi nzito mililita 150 na juisi ya chungwa mililita 100. Chemsha pamoja na matunda dakika 10, funika, yalale usiku mmoja, kisha yachuje. Ladha yake ni nzuri sana, ila usiinyweshee wala kuiweka wiki kadhaa mezani. Kileo ndicho kilichokuwa kinalinda ile nyingine dhidi ya ukungu. Hii ioke siku mbili kabla ya sikukuu, na inayobaki ikae kwenye friji.

Njia hiyo ya kuchemsha inamfaa pia aliyekumbuka tarehe 22 kwamba hajaloweka kitu.

FundiMizani

Niongeze kuhusu matunda kuzama. Ushauri wa kuyaviringisha kwenye unga unatajwa kila mwaka, na unasaidia kidogo tu. Yanazama kwa sababu uji ni mwepesi: ama yameingia na maji yake, ama siagi iliyeyushwa badala ya kupigwa, ama beking pauda ni nyingi na uji unalegea kabla ya kushikana. Uji wa keki ya matunda uwe mzito kiasi kwamba mwiko ukiuinua, unaning'inia kwanza ndipo udondoke.

Na wanaopima kwa kikombe: cha mililita 250 kinabeba unga gramu 125 hadi 130 ukiujaza kwa kijiko bila kushindilia. Ukikizamisha kikombe kwenye mfuko wa unga kinabeba hata 150. Kwa vikombe vinne tayari umezidisha gramu 80 au zaidi, halafu unalaumu mayai.

BaridiYaNjombe

Tulio milimani tusifuate vipimo vya Dar kichwakichwa. Njombe, Mbeya, Nairobi, Eldoret, kote huko ni mita 1,700 kwenda juu. Hewa ni nyepesi, keki inavimba haraka kuliko inavyoiva, kisha inaanguka. Punguza beking pauda kwa robo. Punguza sukari kijiko 1 cha chakula kwa kila kikombe, ongeza maziwa vijiko 2 vya chakula kwa kila kikombe cha unga, na panda moto nyuzi 10. Huku siagi nayo ni jiwe: ikate vipande uiache karibu na jiko, usiiyeyushe.

MpishiZamu

Na Dar na Mombasa ni kinyume chake, Desemba majarini inakuwa mafuta mezani. Ikianza kung'aa imeshapita kiasi, haitashika hewa. Kalisha bakuli kwenye beseni la maji ya baridi huku ukipiga. Na majarini nyepesi ya kupaka mkate ina maji mengi, haifai kuoka. Soma kopo.

Iliki_na_Tui

Pwani sikukuu haikamiliki bila mkate wa kumimina, na kwa mgeni asiyekula ngano ndiyo keki yake.

Mchele nusu kilo uloweke usiku kucha, uchuje. Usage na tui zito vikombe 1 na nusu mpaka ukisugua kwa vidole husikii chenga. Tia hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, iliki nusu kijiko, funika. Kwa joto la pwani dakika 45 zinatosha. Ukiuacha saa mbili unachacha. Sukari robo tatu ya kikombe inaingia baada ya kuumuka, pamoja na ute wa yai moja. Ukisaga na sukari tangu mwanzo uji unakuwa maji, unaongeza mchele, na mizani yote imevurugika.

Kikaango kizito, mafuta vijiko 2, kiwe cha moto ndipo umimine. Moto wa chini mdogo. Vitobo vikijitokeza juu, hamishia makaa juu ya mfuniko mpaka uso ushike rangi. Usipoona vitobo, hamira imekufa: ijaribu kabla kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, dakika 10 itoe povu.

Mke_wa_Mwalimu

Keki kudidimia katikati, hasa ni nini?

FundiMizani

Dada, angalia shimo lenyewe. Likiwa na unyevu, haikuiva, ulifunua mapema au moto ulishuka. Likiwa kavu, beking pauda au sukari imezidi. Keki ikipasuka na kuota kilima, moto ulikuwa mkali: kingo zilishikana mapema na uji wa katikati ukatafuta pa kutokea. Kijiti kikitoka kikavu usiitoe hapo hapo kwenye chombo, ipe dakika 10, kisha igeuzie kwenye waya. Ikipoa ndani ya chombo kitako kinatota.

JikoLaMkaa

Aisingi ya siagi haivumilii joto la mchana. Kwa meza ya nje, changanya sukari ya unga gramu 200 na juisi ya limau vijiko 2 vya chakula, ongeza tone kwa tone mpaka imiminike taratibu. Keki iwe imepoa kabisa, ikiwa na joto inateleza yote mpaka kwenye sinia.

ShangaziKungumanga

Ya matunda usiikate siku uliyooka, itamong'onyoka. Siku mbili baadaye, kisu chenye meno, ukikifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto kila baada ya kipande.