Kasha la bibi kwenye picha latoka kama limeungua. Nifanyeje?

Binti wa Kibokoni
Jumapili, saa tatu usiku

Assalaam aleikum jamani. Nisaidieni kabla sijaitupa hii simu baharini pale Mama Ngina.

Tunahama. Nyumba ya bibi hapa Kibokoni tunaikabidhi kwa wenyewe mwisho wa mwezi, twenda Kisauni ghorofa ya tatu, na ngazi za huko mtu akiwa mnene kidogo apanda kwa ubavu. Kwa hivyo vitu vitatu havina pa kwenda: kasha la njumu la bibi, lile la mbao lenye misumari ya shaba, cherehani yake ya mkono ya Singer, na friji nyeupe ya milango miwili isiyo na kasoro ila mkwaruzo ubavuni.

Tangazo liko juu siku ya kumi leo. Kasha nililipiga picha usiku ukumbini, taa ya tyubu inawaka na flashi juu yake. Shaba imetoka madoa meupe kama iliyomwagiwa unga, mbao nyeusi tititi. Wa kwanza kuniandikia akauliza, "Hili liliungua?" Nikaona basi, nikatia filta ile ya kung'arisha. Likatoka jekundu, zuri, hata mimi nilitaka kulinunua. Bwana mmoja akaja kutoka Mtwapa na pikapu ya kukodi, akalitazama kasha, akaitazama simu yake, akaniambia, "Dada, mimi nilikuja kuchukua lile la kwenye picha." Akaondoka. Nahisi hadi leo akijaza mafuta ananikumbuka.

Friji ndiyo aibu yenyewe. Mlango wang'aa. Nikapiga, nikatuma, sikuangalia mara mbili. Kumbe ndani ya mlango niko mimi mzima, dera la maua, taulo kichwani, ndiyo kwanza nimetoka kuoga. Maoni kumi na manne, na hakuna hata moja lililouliza friji inagandisha au la.

Simu ni ya kawaida. Kamera sina na sinunui. Semeni.

Kijana wa Tudor
Jumapili, saa nne usiku

Nunua ile taa ya duara ya watu wa TikTok. Kwisha maneno.

Ami wa Studio
Jumatatu, saa moja asubuhi

Mwanangu, wa aleikum salaam. Usinunue taa. Na wewe kijana, taa ya duara mbele ya kasha la njumu itakupa duara jeupe kwenye kila kichwa cha msumari. Jaribu, halafu uzihesabu.

Nimefanya kazi ya studio hapa mjini zaidi ya miaka ishirini, wakati wa filamu: picha za paspoti, maharusi, watoto wa siku arubaini. Filamu ilikuwa na picha 36, ukikosea umekosea kwa pesa yako. Sasa nimezeeka, nauza fenicha kuukuu, na picha za matangazo napiga kwa simu ambayo kioo chake kina ufa. Nasema hivi ujue kwamba si simu.

Tatizo lako la kwanza ni saa. Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, kila kitu kina kivuli cheusi chini yake na kichwa cheupe juu. Usiku nao ndio kama ulivyoona. Tyubu za zamani kwa umeme wetu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, simu huona, ndiyo ile michirizi unayoikuta kwenye picha. Na ukichanganya taa ya ndani na mwanga wa dirishani, upande mmoja watoka manjano na mwingine samawati, kasha moja lenye rangi mbili. Ukipiga mchana, zima taa zote.

Sasa wewe uko Mji wa Kale na hujui umekalia nini. Huo uchochoro wako ndio studio. Saa tatu asubuhi, au baada ya sala ya alasiri, jua halifiki chini. Lapiga kuta za juu, kuta zarudisha mwanga, na mwanga ule wateremka umelainika hauna kivuli kikali. Sisi studio tulikuwa tukinunua miavuli myeupe kutoka ng'ambo ili tupate kitu hicho hicho. Wewe toa kasha barazani tu. Ila angalia ukuta wa mbele una rangi gani. Wa chokaa ni mzuri. Wa kijani utakupaka kila kitu kijani.

Kasha. Shaba ni kioo, haina mwanga wake, yaonyesha kilicho mbele yake. Mbele yake kukiwa na flashi, kitu kidogo kama punje, kila njumu itakuwa na punje nyeupe inayounguza na pembeni giza. Mbele yake kukiwa na ukuta mpana mweupe, njumu zitang'aa kwa upana, utaona hata alama za nyundo. Kwa hivyo lielekeze kasha kwenye ukuta wa pili, wewe kaa kwa upande. Lipanguse kwa kitambaa kikavu. Nakusihi usisugue shaba kwa ndimu na majivu. Wanunuzi wa makasha wanaitaka ile rangi ya uzee. Mteja wangu mmoja alilisugua lake likang'aa kama sufuria mpya, bei ikashuka palepale.

Piga magoti. Watu wengi hupiga wakiwa wamesimama, kasha latoka kichwa kikubwa na miguu hakuna. Simu iwe sawa na kitasa. Kisha rudi nyuma hatua nne, uvute picha kidogo. Ukisogea karibu sana, hasa kwa ile kamera ya pembe pana, katikati pavimba kama tumbo la dau, na mnunuzi ataona kitu kimepinda ambacho hakijapinda. Kwenye kioo cha simu gusa palipo na mbao, si palipo na shaba, halafu lile jua dogo linalotokea hapo lisukume juu au chini mpaka rangi ya kwenye simu ifanane na rangi iliyo mbele ya macho yako. Hapo ndipo filta inapokufa, na yule bwana wa Mtwapa hapati la kusema.

Na lenzi uifute! Nusu ya picha za "ukungu" ninazoletewa ni mafuta ya nazi ya vidole. Kona ya leso yatosha.

Halafu kasoro. Kama mbao imepasuka, upige ufa wenyewe, karibu, mwanga ukija kwa ubavu ili ufa uwe na kivuli chake. Weka kibiriti kando. Kila mtu ajua ukubwa wa kibiriti. Mnunuzi akiuona ufa nyumbani kwake, amekuja akiwa amekwisha kuukubali. Akiugundua kwako, atautumia kukuangusha bei, na atajiuliza umemficha nini kingine.

Friji nitarudi. Chai imeiva.

Mama Wawili, Likoni
Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi

Dadangu, kabla ya mwanga, tazama kilicho nyuma ya kitu. Mimi niliuza runinga, na kwenye picha nyuma kulikuwa na sweta ya shule ya mwanangu imetundikwa, beji yote yasomeka, na dirishani geti la jirani na namba yake. Mtu akaniandikia, "Nyinyi mko pale karibu na shule fulani, sivyo?" Nilishikwa na baridi na ilikuwa Februari.

Tena kuna jambo watu hawalijui. Simu yaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, habari hizo huondolewa, lakini picha nayo hubanwa ikapoteza ung'avu. Ukiituma kama faili, ung'avu wabaki, na mahali pako nako kwabaki. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga, umalize.

Na picha zako huibiwa. Za kochi langu zilichukuliwa, zikawekwa kwenye tangazo jingine kwa nusu bei, mtu aitisha amana. Tangu siku hiyo naandika jina langu la humu na tarehe kwa kalamu kwenye karatasi, naiegemeza kwenye kitu, ionekane kwenye picha moja. Pesa zikija, usiamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mtu. Angalia salio lako la M-Pesa mwenyewe kabla kitu hakijavuka mlango.

Mpenda Vikale
Jumatatu, saa tano asubuhi

Neno moja tu. Kwenye tangazo usiandike "antiki ya miaka 200" kwa kupendezesha. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukiwa na shaka, ofisi za makumbusho ziko hapo Fort Jesus, kutoka Kibokoni ni kwa miguu. Makasha mengi ya aina hii yalikuja na majahazi kutoka India, na mengi si ya zamani kama familia zinavyohadithia. La nyanya yangu "la karne mbili" lilikuwa na skrubu za juzi.

Ami wa Studio
Jumatatu, saa nane mchana

Nimerudi. Friji.

Simu hudhani kila kitu duniani ni kijivu. Ukiijaza kitu cheupe, yenyewe yapunguza mwanga hadi friji yako iwe rangi ya jivu, na mtu adhani imechakaa. Pandisha lile jua dogo kidogo. Cherehani nyeusi ni kinyume chake, jua hilo lishushe.

Kuhusu dera: vaa buibui lako. Sikutanii. Studio tulikuwa tukipiga vitu vya kung'aa tumevaa nguo nyeusi, kwa sababu kioo hakina cha kuonyesha kikikutana na cheusi. Simama kwa mshazari, usikae mbele ya mlango, na usoni ushike simu tu. Kisha ufungue milango, upige ndani ikiwa inawaka, na ile karatasi ya nyuma yenye modeli na wati. Ule mkwaruzo nao, na kibiriti.

Cherehani iwekee kaniki nyuma. Nyeupe haifai kwake, na bafta utakayoitandika watu wa hapa wataiona sanda. Lakini nyeusi juu ya nyeusi yapotea, basi igeuze mpaka mwanga uchore ukingo wa mgongo wake na ile michoro ya dhahabu. Piga namba iliyo kwenye kitako, herufi na tarakimu zote. Singer wameanza kutia herufi mbele ya namba mwaka 1900, na mwenye kujua ataisoma ajue ilitoka kiwanda gani, pengine Clydebank, Scotland, kilichofungwa 1980. Halafu shona. Shona mstari mmoja kwenye kitambaa cheupe kwa uzi mwekundu, upige mshono wenyewe, juu na chini. Mshonaji hataki kuona cherehani, ataka kuona mshono.

Kijana wa Tudor
Jumatatu, saa nane na nusu mchana

Ami, nimejaribu ile taa kwenye sinia ya mama. Ni kweli. Naifuta kauli.

Binti wa Kibokoni
Jumamosi, saa mbili usiku

Nimerudi na habari.

Jumanne alasiri tulilitoa kasha, watu wanne, barazani. Paka wa jirani akapanda juu akakaa, akakataa kushuka, kwa hivyo picha ya tatu ina paka. Ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Njumu, Ami, wallahi sikujua zina nyota ndogo ndogo. Miaka yote naliona kasha, leo ndiyo nimeliona kwenye simu.

Cherehani imeondoka kwa elfu kumi na mbili. Fundi wa Majengo, hakuuliza chochote ila "huo mshono ni wa leo?" Nikamtumia mwingine wa dakika ile.

Na kasha, amerudi nani? Bwana wa Mtwapa. Hakusema kitu cha mara ya kwanza. Akatoa simu, akainama, akatafuta ule ufa wa ubavuni akausoma kwa kidole kama anayesoma msahafu, akasema, "Ndio huu." Bei haikuteremka hata shilingi kwa sababu ya ufa. Iliteremka kwa sababu ya mkokoteni, maana pikapu haiingii uchochoroni na wabeba mizigo walimwona mgeni.

Ami wa Studio
Jumamosi, saa tatu usiku

Alhamdulillahi. Na friji?

Binti wa Kibokoni
Jumamosi, saa tatu na dakika tano

Friji iko. Nilivaa buibui, sionekani kabisa. Lakini ukuta wa upande huu jirani ameupaka kijani mwezi uliopita, na friji yatoka kijani. Naogopa kumwambia.

Ami wa Studio
Jumamosi, saa tatu na dakika kumi

Usimwambie kitu. Tundika shuka nyeupe kwenye kamba ya nguo mbele ya ukuta wake, upige haraka, ukianika na nguo nyingine asije akauliza.