Tovuti za kukokotoa muda wa safari za ndege zinawapotosha abiria

Ndugu zangu, nimechoshwa na tovuti hizi ambazo ukiandika majina ya viwanja viwili vya ndege zinakupa umbali na muda wa safari hadi dakika ya mwisho, kana kwamba kuna mtu aliyekaa na ratiba akaihakiki. Hakuna ratiba iliyotazamwa. Wanachofanya ni kupima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, kuigawa kwa mwendo mmoja wa ndege, tuseme kilomita 900 kwa saa, na jibu linalopatikana wanaliita muda wa safari.

Chukueni Heathrow ya London na JFK ya New York. Umbali wake ni takriban kilomita 5,540, na kwa hesabu hiyo ni saa 6 na dakika chache, kwenda na kurudi sawasawa. Lakini juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna pepo kali zivumazo kutoka magharibi, ambazo huisukuma ndege inayokwenda London na kuirudisha nyuma ile inayokwenda New York, ndiyo maana ratiba huweka kama saa 7 upande mmoja na kama saa 8 upande wa pili. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya abiria ilitoka JFK ikafika Heathrow kabla ya saa 5 kutimia. Kwa njia kama hii, kutoa jibu moja kwa pande zote mbili ni kumdanganya msomaji.

Tena muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka getini, si inapoacha ardhi. Kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini na kupanga foleni, na Heathrow kukiwa na msongamano ndege huzungushwa angani juu ya Bovingdon au Biggin, maeneo ya karibu na London, zikingoja zamu ya kutua. Hayo yote hayamo katika hesabu yao.

Kinachoniudhi zaidi ni safari ya Helsinki, Finland, hadi Tokyo. Tangu Urusi ilipoyafungia anga yake mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ndege za Finland huizunguka nchi hiyo, na safari iliyokuwa ya saa 9 na nusu hivi imekuwa ya takriban saa 13, ilhali mstari wa tovuti bado unakatiza Siberia. Mtu aliyenunua tiketi mbili mbalimbali akapanga ndege ya pili kwa kuamini namba hiyo anaweza kuachwa, na kwa kawaida shirika la pili halitamrudishia nauli.

Wenye tovuti hizi waandike juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka, kwamba hayo ni makadirio yasiyohesabu upepo wala anga zilizofungwa, na waziondoe hizo dakika.