Ligi yetu ya fantasi ya poka imeuawa na shindano moja. Pointi zihesabiweje?

FundiAggrey:

Wakuu, salaam. Naomba mawazo kwa wanaoelewa mambo ya fantasi, hasa isiyo ya mpira.

Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Pale tupo tisa tunaofuatilia poka ya Las Vegas. Tulianza kwa kuangalia YouTube mchana kazi zikiwa zimelala, kila mtu akawa na mtu wake, ubishi ukawa hauishi. Nikasema tufanye kama tunavyofanya ile ya Ligi Kuu ya England: kila mmoja awe na kikosi, mimi niwe karani. Wachezaji sita kwa kila mtu, msimu ni World Series of Poker, ule mfululizo wa mashindano ya Vegas, mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai. Poka yenyewe hatuchezi. Karata zetu ni zile za kijiweni, za turufu.

Msimu wa 2025 niliweka sheria nyepesi: kila dola aliyoshinda mchezaji wako ni pointi moja. Niliona hakuna haki kuliko hiyo, maana pesa haibishaniwi.

Jirani yangu wa meza, anayebadilisha vioo, alikuwa na Shaun Deeb. Huyu jirani alikuwa anakesha. Kule wakianza saa sita mchana kwetu ni saa nne usiku, tumewatangulia kwa saa kumi, na wao wakifunga siku yao sisi tuna wateja mezani. Alikuwa anakuja na macho mekundu, ananiambia fulani katolewa, fulani kaingia kwenye malipo, hata kabla sijafungua simu. Deeb alitwaa bangili, ndiyo kombe la bingwa wa kila shindano kule, kwenye shindano la kiingilio cha dola 100,000 na mwisho ndiye aliyekuwa Mchezaji Bora wa Mwaka wa mfululizo mzima. Na wengine watano wa jirani yangu walikuwa wanaokota kidogo kidogo, dola 8,000 hapa, 12,000 pale.

Kisha Michael Mizrachi akashinda Main Event, lile shindano kubwa kuliko yote, la kiingilio cha dola 10,000. Dola milioni 10 kwa mpigo. Na alikuwa ameshabeba Poker Players Championship, lile la kiingilio cha dola 50,000, mara yake ya nne, zaidi ya milioni 1.3. Mwenye Mizrachi ni kijana wa duka la kava, ambaye hakuwa amefungua jedwali langu tangu Juni. Akashinda ligi kwa zaidi ya pointi milioni 7.

Jirani yangu hakugomba. Alitoka kimya kimya kwenye grupu la WhatsApp, na tangu hapo tukiongea ni habari za vioo tu. Hilo linaniuma kweli. Yeye ndiye aliyeipenda ligi kuliko sisi sote, na sheria niliyoandika mimi ndiyo iliyomtoa.

Nataka kuanza upya na nataka arudi. Maswali yangu: pointi zihesabiweje ili shindano moja lisifute wiki saba? Na wachezaji tugawane vipi? Mwaka jana tulipiga kura nani aanze kuchagua, wa kwanza akabeba wa maana, wa tisa akabaki na majina ambayo hata hayakusafiri kwenda Vegas. Halafu kuna anayetaka kila mtu achange 20,000 na mshindi abebe zote. Sijui kama ni sawa.

Mhasibu_Sinza:

Pole kaka. Sheria yako haikuwa mbaya, ila pesa za poka zimekaa vibaya kwa kuhesabia pointi. Kwenye mashindano mengi kama asilimia 15 ya walioingia ndio wanaolipwa, wa chini wanapata kidogo kuliko mara mbili ya kiingilio, na wa juu wanabeba mlima. Main Event ya 2025 aliyelipwa kidogo kabisa alipata dola 15,000 na bingwa milioni 10. Huyo bingwa ana thamani ya watu 666 waliovumilia siku kadhaa mezani. Kwenye ligi ya watu tisa hakuna kinachobaki hapo.

Tumia kipeuo cha pili cha zawadi. Kikokotoo cha simu kina alama yake, unaandika zawadi unabonyeza. 15,000 inakuwa 122. 10,000,000 inakuwa 3,162. Bingwa bado ni mkubwa, lakini sasa ni mara 26, si mara 666.

Angalia inavyomsaidia mtu kama jirani yako. Tuseme kikosi chake kimelipwa mara kumi, dola 10,000 kila mara. Kwa sheria yako hiyo ni asilimia moja tu ya ushindi wa Mizrachi. Kwa kipeuo kila malipo ni pointi 100, jumla 1,000, karibu theluthi ya zile 3,162. Kukesha kwake kunaonekana kwenye karatasi.

Jambo moja tu uwe makini: chukua kipeuo cha kila zawadi peke yake, halafu ndiyo ujumlishe. Ukijumlisha pesa kwanza ndipo utafute kipeuo, umewanyang'anya tena wale wa kidogo kidogo.

Na mtu asikwambie uhesabu faida. Kinachotangazwa ni zawadi. Mtu akiingia mara mbili kwa dola 10,000, yaani katolewa akalipia tena, kisha akalipwa 16,000, matokeo yanamuonyesha kashinda wakati katoka na hasara. Lakini orodha hazionyeshi kaingia mara ngapi, kwa hiyo huna pa kuipata hesabu hiyo. Achana nayo.

BeloMoja_Karume:

Mkuu, hilo la kugawana lina dawa na sisi tunaitumia kila asubuhi: mnada.

Hata Daniel Negreanu, mwenye bangili zake saba, ana ligi ya fantasi ya mfululizo huo huo wa Vegas na wao wanafanya mnada. Kila timu inaweka dola 25,000, halafu kila mmoja anapewa bajeti ya 200 ya kununulia wachezaji wanane. Ninyi wekeni 200 za karatasi tu, kwa wachezaji sita. Anayemtaka Deeb amlipie. Akimaliza bajeti kwa mmoja, wengine atawapata kwa moja moja.

Ila usifanye WhatsApp. Nimeona mnada wa grupu, mtu anaandika 40, mwingine mtandao unamkwamia, ujumbe wa 38 unaingia baada ya nyundo, ugomvi. Mkae pamoja. Mmoja anadi, na anayenadi asiwe na kikosi au anunue wa mwisho. Pale Karume belo likifunguliwa, anayenadi haruhusiwi kujiwekea shati pembeni, watu wangeondoka wote siku hiyo hiyo.

Na ita majina kwa kuchanganya. Ukianza na wakubwa wote, watu watamaliza pesa mapema na nusu ya pili ya mnada itakuwa kimya. Taja mkubwa, kisha wawili wa kawaida, kisha mkubwa. Kwa asiyesafiri, ruhusu mnunuzi ambadilishe mara moja, kabla mchezaji huyo hajakaa kwenye shindano lolote. Akishakaa, basi.

Mzee wa Shupaza:

Vijana wangu, nakubaliana na mnada, ila kwenye Main Event nina neno.

Nafuatilia mambo haya tangu 2003, Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alipopata nafasi ya Main Event kwa shindano la mtandaoni la chini ya dola 100 akatoka na milioni 2.5. Msiiogope Main Event. Mwaka 2023 waliingia watu 10,043 akashinda Daniel Weinman. Mwaka 2024 waliingia 10,112 akashinda Jonathan Tamayo. Kati yenu tisa nani angewanunua hao? Kwa miaka mingi bingwa wa Main Event hayumo kwenye kikosi cha mtu. Mizrachi kuishinda, tena mwaka ule ule aliobeba na ile ya dola 50,000, tumeliona mara moja. Amepita watu 9,735, kiingilio ni kimoja, ukitoka umetoka, hakuna kurudi. Aliyemuamini apewe chake. Kipeuo sawa, lakini msiongeze tena sheria ya kumpunguza bingwa.

La pili ndilo kubwa. Fundi, wewe ni karani, andika kabisa tarehe ya kufunga hesabu. Mwaka 2019 Negreanu alitangazwa Mchezaji Bora wa Mwaka baada ya mashindano ya Ulaya kumalizika. Kumbe kwenye kumbukumbu alikuwa amewekewa pointi 213.1 za shindano ambalo hakulipwa. Mwandishi mmoja wa Urusi akaona kosa, hesabu ikarekebishwa, na tuzo ikaenda kwa Robert Campbell wa Australia. Kama wenyewe waliteleza, wewe mwenye meza ya simu na wateja utateleza. Wape watu siku saba baada ya shindano la mwisho wakague, kisha funga. Na ukiandika Mizrachi, andika jina la kwanza. Robert ni kaka yake Michael na naye anacheza mashindano hayo hayo.

Bint_Temeke:

Kuhusu hiyo 20,000, kaka fundi, mimi ningekuomba uiache.

Kwa nchi yetu michezo ya kubahatisha kwa pesa inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya 2003, na anayeiendesha anatakiwa awe na leseni. Wewe ndiye utakayepokea pesa kwenye simu yako, wewe ndiye jina litakaloonekana. Na kuna wanaotaka kucheza lakini kwa dini yao kamari ni haramu, hawatakwambia, watakaa pembeni tu. Kwenye grupu letu la fantasi ya mpira tuliondoa mchango na wakaongezeka wanne, wawili wakiwa shemeji zangu ambao kila siku walikuwa wanasema hawana muda.

Mfanye mlo. Msimu ukiisha kila mtu ajilipie pilau yake, mshindi akae kiti cha mbele na achague mahali. Inatosha.

FundiAggrey:

Mzee, shikamoo, na ahsante. Dada zangu, kaka wa Karume, ahsanteni sana. Nimekaa na jedwali la mwaka jana usiku wa jana baada ya kufunga, nikaingiza kila malipo upya kwa kipeuo, moja moja, kama dada Mhasibu alivyosema.

Kijana wa kava bado ni bingwa. Ila tofauti ni pointi 507 tu, na wa pili ni jirani yangu. Halafu nikaona kitu ambacho mwaka jana hakikuwezekana kuonekana: Mizrachi angemaliza wa pili, zawadi ilikuwa dola milioni 6, kipeuo chake 2,449 badala ya 3,162. Jirani yangu angetwaa ligi kwa pointi 206. Maana yake mpaka karata ya mwisho ya Main Event alikuwa bado yumo. Kwa sheria yangu ya dola, hata Mizrachi angeshika nafasi ya pili, jirani alikuwa ameshazikwa.

Asubuhi nimechapisha karatasi ile nikampelekea mezani kwake. Alikuwa anatoa gundi kwenye kioo, akaiweka chini ya kikombe cha chai bila kusoma. Nikarudi kwangu. Kama saa saba hivi akaja na karatasi mkononi, kidole kwenye mstari wa 206, akaniuliza, "Hii umeihakiki?" Nikamwambia nimeihakiki mara tatu. Akauliza mnada lini.

Mchango nimeufuta, itakuwa pilau. Anayenadi nitakuwa mimi na mwaka huu sitakuwa na kikosi. Siku saba za ukaguzi nimeziandika juu kabisa ya karatasi ya sheria. Jirani amesharudi kwenye grupu, na ameshasema mbele ya wote kwamba anamtaka Deeb na atafika mpaka 90.

BeloMoja_Karume:

Mwambie asitaje bei yake kabla ya mnada! Wenzake watampandisha mpaka 89 na wamuachie hapo. Atabakiwa na 110 kwa watu watano.