Ukoo wa Makorora

[1:10 asubuhi] Da Salma: Assalaam alaykum. Kidonda cha Rehema kimetanuka, sasa kinashinda kiganja chake. Leo aende hospitali ya Bombo. Nauli na chakula nani anatoa?

[1:31] Da Salma: Mmesoma wanne, kimya.

[2:40] Kassimu: Si jipu hilo? Jana kacheza rede mpaka magharibi

[2:42] Da Salma: Ndilo linalonitisha. Nakisafisha wala hashtuki.

[2:50] Nuru: Shikamooni. Ndiyo natoka zamu. Kilianzaje dada?

[2:53] Da Salma: Kinundu kigumu chini ya goti, hakiumi. Tukasema mbu. Kikatumbuka. Ukingoni ngozi imeachana na nyama, pamba inapenya chini yake.

[3:01] Nuru: Na mwaka jana kina Rehema walikaa Uganda, kwenye yale mabwawa ya Nile. Daktari aambiwe hilo mwanzo kabisa. Kuna kidonda cha Buruli, jina limetoka hukohuko Uganda. Bakteria wake ni jamaa ya wa kifua kikuu na ukoma. Sumu yake inaua nyama na kuzima maumivu, ndiyo maana mtoto anacheza. Afrika karibu nusu ya wagonjwa wana chini ya miaka 15. Ombeni sampuli ichukuliwe chini ya ukingo, ipelekwe maabara. Ikiwa ndicho, ni rifampisini na klarithromisini wiki 8. Kikiachwa, goti linaweza kukunjamana lisinyooke tena.

[3:04] Mjomba Hamisi: Kassimu ngazi yangu iko wapi

[3:05] Kassimu: 😂😂 mjomba na ngazi yake

[3:06] Da Salma: Jamani!!

[3:15] Shangazi Mwajuma: Amelala na wanangu. Kinaambukiza?

[3:16] Nuru: Kwa kawaida hakitoki mtu kwa mtu, shangazi.

[4:20] Mama Rehema: Mwenye dawa ya majani kasema siku saba, zimebaki tatu. Na msinisimange. Mguu wa Mzee Jumbe mlichanga?

[4:21] Da Salma: Hayo si ya leo

[4:21] Mama Rehema: Ni ya leo.

[4:48] Bibi (anaandika Zuwena): Jumbe tulimngoja. Huyu hangojwi. Mama Rehema, vaa baibui, nipo barazani kwako.

[5:02] Mama Rehema: Sawa mama.

[5:03] Da Salma: Nauli?

[5:10] Kassimu: Ya kwenda ninayo

[5:30] Mjomba Hamisi: Ya kurudi tuonane jioni

[5:31] Da Salma: Na ikiwa ni wiki 8, nani atakuwa anampeleka kliniki?

[10:15 jioni] Shangazi Mwajuma: Mimi Jumatano tu.