Nilihamisha kanuni za Dark Sun kwenye kampeni yangu, zikanifia mezani

fundi_simu_Katindo (Goma)

Jambo bandugu.

Mimi ni MJ, yaani msimamizi na msimuliaji wa mchezo wa kuigiza wahusika, kwenye meza ya watu watano hapa Katindo. Tunacheza Jumamosi mchana nyuma ya duka la fundi cherehani, toleo la tano la Dungeons & Dragons, kanuni za Kifaransa tulizochapisha kidogo kidogo maana karatasi ni pesa. Tuna seti moja tu ya dadu. Dadu ya pande 20 ikiwa mkononi mwa mwingine, unaingiza mkono kwenye soksi unachota kifuniko cha soda; tumeviandika 1 hadi 20. Vinafanya kazi, ila namba 7 ilipinda na sasa kila mtu anaijua kwa kidole.

Dunia yangu inaitwa Nchi ya Makaa. Volkano kaskazini, mawe meusi yaliyoganda hadi ufukweni, ziwa kubwa kusini, vijiji vinavyogombania njia. Nimeitoa wapi, mtu wa Goma hahitaji kuuliza.

Nilitaka nchi inayochosha miguu. Basi nikaenda kuazima kwa Dark Sun, kampeni ya mchezo huuhuu iliyotoka 1991: dunia ya jangwa, Athas, ambako chuma ni adimu, miungu hakuna, na mchawi akivuta nguvu majani yanageuka majivu. Nikachukua mambo matatu. Hesabu kali ya maji, silaha za mfupa na jiwe zinazovunjika, na uchawi unaokula mimea.

Maji kwanza. Nilishika ile ya toleo letu: galoni moja kwa mtu kwa siku, mbili kukiwa na joto, ukipungukiwa unarusha dadu ya kujiokoa, ukishindwa unapanda ngazi ya uchovu, na ngazi ya sita ni kaburi. Siku ya kwanza ya safari mdogo wangu wa kike, anayecheza kasisi, akaangalia karatasi yake akasema: "Naumba maji." Galoni 10! Watu watano mara mbili, kumi kamili, kana kwamba tulipatana. Ni karibu lita 38, bidoni mbili za 20 kasoro kidogo, kwa uchawi wa ngazi ya kwanza. Meza nzima ikacheka. Mwingine akaongeza: "Na lile ziwa ulilochora ni la nini, mukubwa?" Kurasa zangu mbili za hesabu ya maji zilifungia maandazi.

Silaha: niliweka kwamba ukipata 1 unaposhambulia, silaha imekwisha. Pambano la pili mikuki mitatu ilivunjika, shoka la mfupa likafuata, na wahusika wawili wakafa wakipigana na fisi kwa ngumi.

Uchawi: mchawi wetu ni kijana anayeuza makala, mkaa wa kupikia, soko la Virunga. Vikao sita, hajaua hata jani moja. "Nitapata nini?" ananiuliza.

Sasa nyinyi mnahamishaje kanuni toka dunia moja hadi nyingine? Nimpige marufuku kasisi? Nifute ziwa? Niache tu?

Birere_kwanza (Goma)

Si mcheze Athas yenyewe. Unang'oa injini ya lori unaifunga kwenye chukudu ya mbao ya kusukuma, halafu unashangaa haiendi.

fundi_simu_Katindo (Goma)

Kaka, jangwa wachezaji wangu hawajawahi kuliona. Mawe ya moto wanayajua kwa nyayo.

mama_Nguba (Bukavu)

Mdogo wangu wa Katindo, pole na maandazi.

Anza na hao wawili waliokufa. Dark Sun ya 1991 inaua, lakini walioiandika walijua kwamba inaua. Wahusika wanaanza ngazi ya tatu, si ya kwanza, na kila mchezaji anatunza wahusika wanne: mmoja yuko safarini, watatu wanangoja. Wewe ulibeba sumu ukasahau maziwa.

Kasisi usimguse. Aliuchagua uchawi ule ukiwa halali, kumnyang'anya katikati ya njia ni wizi. Tena huna haja. Soma maneno yake polepole: maji yanatokea ndani ya chombo kilicho wazi, la sivyo yanashuka kama mvua. Hicho chombo kiko wapi? Nilikaa kwenu miaka miwili, Majengo. Mvua inapiga usiku kucha, unasema kesho nitafua. Asubuhi jiwe limeshameza yote. Ziwa lipo na haliendi popote. Kilichonitesa mimi kilikuwa bidoni, na kijana wa chukudu aliyejua kwamba sina ya pili, basi bei anaipanga yeye.

Kwa hiyo acha kuhesabu lita, hesabu vyombo. Kila mtu aandike ana kibuyu gani, kinaingia kiasi gani, kina kizibo au hakina. Lita 38 ni kilo 38, na sufuria iliyo wazi haivuki mawe yale bila kumwagika. Akiumba bila chombo, mvua inashuka, jiwe linakunywa, mmebaki mmelowa na kiu yenu. Mshale ukipiga kibuyu iwe hasara kuliko ukipiga bega. Majambazi wa barabarani waache mifuko ya dhahabu, wachukue vibuyu. Utamwona mdogo wako analala amekumbatia mtungi. Na ziwa liache palepale. Kijiji kilicho mbali nalo kwa saa tatu ndicho chenye hadithi.

Usidhani nakucheka. Mimi nilileta kanuni za hofu za Ravenloft, ile dunia ya kutisha ya mchezo huu, kwenye kampeni ya wafanyabiashara wa ziwani. Kule zinafaa kwa sababu nchi nzima ni usiku na kila mlango una kitu nyuma yake. Kwangu watu walikuwa wanarusha dadu ya hofu kila wakiona mfupa. Siku moja ulikuwa mfupa wa samaki. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, na kampeni ilikufa pale.

Nina swali kwako. Athas, jua ndilo linaloua, ndiyo maana maji yana uzito. Kwako kinachoua ni nini? Usiniambie joto, Goma hakuna joto.

mwana_Katuba (Lubumbashi)

Yaya, fisi wasingiziwa. Watu wako waliuawa na hesabu.

Kanuni ya 1991 haivunji silaha kwa 1 ya kushambulia. Silaha isiyo ya chuma ikitoa madhara yake ya juu kabisa, ndipo unarusha dadu ya pande 20, na hapo 1 ndiyo inavunja. Mkuki wa madhara ya dadu ya pande 6 unavunjika mara moja kwa mapigo 120 yaliyofika mwilini. Wewe uliweka mara moja kwa mashambulizi 20. Watu watano, raundi nne, tayari ni 20. Ulijiandikia kwamba kila pambano lazima mtu abaki mikono mitupu, na fisi nao wanasoma kanuni.

Lakini mimi hata ile ya 1991 situmii. Dark Sun ya toleo la 2010 ni tamu zaidi: ukipata 1 unachagua, ama unakubali umekosa, ama unarudia dadu huku umeweka silaha rehani. Mkuki ukivunjika, mwenyewe ameuvunja. Hakuna wa kumkasirikia MJ, na utashangaa watu wanavyovunja mikuki yao kwa furaha.

Uchawi wako una ugonjwa uleule. Uliweka ndoano bila chambo. Katika 1991 mchawi anayeharibu anapanda ngazi haraka kuliko yule anayetunza, basi kila kikao anamwona mwenzake anampita, roho inamuuma. Katika 2010 anarudia dadu ya uchawi wake mkubwa, na wanaoumia ni wenzake walio karibu. Huyo kijana wako anauliza swali la haki kabisa. Atapata nini?

Halafu chuma. Kule Athas bei ya vitu vya chuma inabaki ya kitabuni, vingine vyote vinashuka hadi 1 ya 100, na pesa ya kila siku ni vipande vya udongo wa kuchoma. Uadimu unaanzia sokoni, vitani unafika umeshazeeka. Wewe ulichukua mkuki wa mfupa, soko ukaliacha. Huku Katanga wazee walikuwa na handa, ile misalaba ya shaba, na ilikuwa pesa. Kwenye kampeni yangu handa ndiyo shaba pekee mtu wa kawaida anayoishika. Unaweza kuiyeyusha upate kichwa cha mkuki, ila umeyeyusha mahari yako. Nina mchezaji ana misalaba minne, mwaka wa pili huu, bado anapigana na rungu. Ananuna kila akiiona karatasi yake, lakini haachi kuja.

fundi_simu_Katindo (Goma)

Aksanti mama, aksanti yaya wa Katuba. Tumecheza jana, naandika kabla sijasahau.

Wote wako ngazi ya tatu sasa, na kila mmoja ana mhusika wa akiba mmoja. Wanne ni wengi, karatasi haitoshi.

Vyombo: ilichukua nusu saa kabla hawajaelewa. Mdogo wangu akaumba maji, nikamuuliza ndani ya nini. Akataja kofia ya chuma ya mwenzake. Nikasema inaingia lita tatu, zilizobaki jiwe limekunywa. Kimya. Kijiji cha kwanza walichofika hawakuuliza panga, hawakuuliza dawa, waliuliza mfinyanzi yuko wapi. Na mfinyanzi, kwa kuwa nilikumbuka bei za bidoni Majengo, hakuwaonea huruma.

Uchawi ndio ulionishangaza. Nilimwambia muuza makala: ukinyonya mimea unarudia dadu moja ya uchawi wako, na kila kilicho kijani ndani ya hatua 30 kinakufa. Akafikiri. "Kumbe ni makala," akasema. Nikamuuliza kivipi. "Mti mzima haunipi kitu leo. Nikiuchoma unanipa pesa leo. Kilima kilikuwa cha nani, nitajua kesho." Alichoma mara tatu kikao kimoja, yeye ambaye vikao sita hakugusa jani! Mara ya tatu lilikuwa shamba la maharage la mama aliyewalaza usiku ule. Hakuna aliyenisubiri nitoe adhabu. Walimgeukia wenyewe, na dakika ishirini sikusema neno, nilikuwa nakunywa chai.

Mama, uliuliza kinachoua kwetu. Mazuku. Nilikuwa nayo mlangoni miaka yote, nikaenda kuazima jua la watu. Ile hewa nzito inayolala mabondeni, macho hayaioni. Mbuzi na watoto wanakwenda kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Sikuandika kanuni mpya, ya kukosa pumzi ipo kitabuni tayari. Nimeongeza urefu tu. Kwenye bonde mazuku inafika magotini, kiunoni au kifuani, na haibadiliki kabla ya jua kupanda. Halflingi wetu, mhusika wa jamii ya watu wafupi, ana sentimita 90. Alianza kuhesabu pumzi wakati mwenzake mrefu bado anasimulia habari za fisi. Sasa wanatembea na mwenge umeshushwa chini. Ukizimika wanarudi nyuma wanakimbia. Na kulala bondeni, ambako upepo haufiki na walikuwa wanapapenda, hakuna anayetaka tena. Wanagombania miamba.

Handa bado, yaya, nangoja wafike nchi ya shaba.

Imebaki shida moja. Mdogo wangu amenunua mtungi wa lita 20 wenye mfuniko. Anasema akiufungua nusu, ni chombo kilicho wazi, na akimaliza kuumba anausukuma mfuniko kwa kidole, hakimwagiki kitu. Anataka jibu kabla ya Jumamosi.

mama_Nguba (Bukavu)

Ni wazi, mpe. Ila muulize mtungi wa kilo 20 na ushei nani anaubeba, na mwenge anashika nani.